Udongo wa Juu au wa Chini

Batsinda, Jumapili baada ya misa

Baba Aline,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu mimi mkeo, na baada ya zangu upokee za watu wa nyumbani mmoja mmoja, maana nakumbuka ulivyokuwa hupendi salamu za jumla. Ulikuwa ukisema mtu anayeandika "wote wanakusalimu" ni mvivu, afadhali angenyamaza.

Mama yako anakusalimu. Anakaa palepale mlangoni kwenye kiti chako cha kamba, na blanketi la bluu magotini hata jua likiwa kali. Masikio yake yanasikia yanachotaka. Kila asubuhi ananiambia umepita kumwamkia ukaondoka bila kunywa uji, na lawama ni zangu. "Wewe mukazana, mke wa mwanangu, mwanaume anaondoka na njaa nyumbani kwake, nawe unamtazama tu." Simbishii. Namwambia kesho nitakushika shati.

Patriki mwanao anakusalimu. Bado anaendesha moto, pikipiki ile ya abiria, na bado hapiti hapa mchana bila kufunua sufuria. Amenenepa, anasema ni koti.

Diyana kitindamimba wetu anakusalimu. Ni mrefu kuliko mimi sasa, akisimama karibu yangu dirishani ananiziba mwanga. Ameniona naandika akacheka: "Mama, huko mbinguni kwani wanasoma Kiswahili?" Nikamwambia baba yako alinitongoza kwa Kiswahili, kisimani kule Karagwe, na nilimwelewa vizuri sana, ndiyo maana wewe upo. Amekimbia na aibu zake. Lakini ukweli unaujua. Kinyarwanda nakisema siku nzima, kukiandika kunanishinda. Mimi darasa langu liliishia la nne, na lile la nne lilikuwa la Kiswahili.

Eriki mkwe wako anakusalimu kutoka Kanombe. Bado anapakia mizigo ya watu kwenye ndege, bado ana adabu ile ya kusimama mpaka aambiwe kaa. Siku moja nilisahau kumwambia, akanywa chai yote amesimama.

Hata mbuzi, yule mwenye doa jicho moja, yupo.

Aline nimemweka mwisho makusudi, maana yeye ndiye barua yenyewe. Anakusalimu. Au niseme alikuwa anakusalimu, wiki hii sijui kama anakusalimu, utaelewa mbele.

Ningekuuliza hali yako, mwalimu wetu alitufundisha hivyo, kwamba barua huulizia hali kwanza. Lakini naona haya kumuuliza hali mtu ambaye mimi mwenyewe nilimtupia udongo kwa mkono wangu. Tuiache hali yako. Yangu ni kichwa kuzunguka. Nimeamka nacho hivyo, nimekwenda nacho misani, padri akasema amkeni nami nikapiga magoti.

Aline ana ujauzito, Baba Aline. Nilikuambia kaburini ujauzito ukiwa bado mchanga, sijui kama ulisikia, siku ile kulikuwa na upepo. Sasa ni mkubwa, tumbo limekaa chini, miguu imevimba, anavaa kandambili za Eriki. Umevuka pale ambapo ule wa kwanza ulitoka. Ule uliotoka wewe ukiwa bado hai, ulipokwenda kumwona hospitali ukarudi hukula, ukachukua jembe lako fupi ukaenda mlimani ukarudi na ingwa, ule udongo mweupe, begani. Nilikuuliza wa nini, mtoto si ametoka. Ukasema, "Atashika tena. Akishika, nisiwe mbali."

Neno hilo nalikumbuka kila siku. Nisiwe mbali. Na ukaukausha udongo ule juu ya bati, ukautia kwenye gunia, ukalipandisha darini wewe mwenyewe na kifua chako kile.

Basi Aline aliposhika tena, hamu ikamjia ileile niliyokuwa nayo mimi kwake. Hakutaka nyama, hakutaka isombe. Akanipigia simu anacheka na kulia: "Mama, nataka kula ukuta." Nikajua. Nikamwambia usile ukuta wa watu, baba yako alikuwekea. Patriki akapanda darini akalishusha gunia, nikachagua mabonge mazuri, nikayachoma kwenye majivu kama ulivyokuwa ukinichomea, nikampelekea Kanombe nimeyafunga kwenye jani la mgomba. Alipouma bonge la kwanza alifumba macho. Akasema lina harufu ya wewe ukirudi kazini. Tulikaa pale kitandani tukalia vizuri, kile kilio cha kushiba. Nikawa namwongezea kila nikienda. Niliona ni wewe unakwenda kumtembelea, mimi nabeba tu.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Walikuja watu mlimani kwenye mgodi wetu. Sio kampuni, kampuni tangu ilipofunga geti sijamwona hata mbwa wake. Hawa walikuja na chupa ndogo na buti za mpira, vijana, wakiongozwa na binti mwenye nywele fupi. Wakashuka mpaka kule chini kwenye lundo la mchanga mliokuwa mkiuosha kutoa gasegereti, mawe ya bati, wakachota maji, wakachota udongo, wakaenda. Sisi tukafikiri mgodi unafunguliwa tena. Rukara, mwenzako mliyekuwa mkishirikiana taa shimoni, akaanza kutafuta buti zake.

Kumbe sivyo. Jumamosi ya umuganda, tulipomaliza kusafisha mitaro tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano kama kawaida, mwenyekiti wa mudugudu akamsimamisha yule binti. Akasema kwa upole, hakutisha mtu. Kwamba lile lundo mvua inalipiga mwaka hadi mwaka, maji yanapita ndani yake na kwenye mashimo yaliyoachwa wazi, yanatoka na vitu visivyofaa mwilini mwa mtu. Kwamba maji ya mfereji ule wa rangi ya chungwa tusiyaguse. Hapo watu wakaitikia, nani angeyagusa, yanatia doa mpaka kwenye jiwe. Ndipo akasema na lile bwawa la chini, lile jeupe unaloona mpaka kokoto za chini, lile ndilo baya zaidi. Ni jeupe kwa sababu hakuna kinachoweza kuishi ndani.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Sasa chafu ni chafu na safi ni chafu, tunywe nini, soda?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Baba Aline. Nilikuwa bado nacheka yule binti aliposema wala tusichukue udongo wa pale chini, kwa kujengea, kwa kupaka nyumba, wala kwa kula. Akasema, "Hasa mama mjamzito."

Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Nikalitazama kama kitu ambacho sikijui.

Nikamfuata alipokuwa anaingia kwenye gari. Nikamuuliza, mwanangu, na ingwa, udongo mweupe, wenyewe una ubaya? Akasema inategemea umechimbwa wapi. Ule wa juu penye mikaratusi hawajaona tatizo, maji ya lundo hayapandi mlima. Ule wa chini ni kama maji ya chini. Nikamwambia, nikikuletea bonge utajua kwa kulitazama? Akasema, "Hapana mama, kwa macho hata mimi sijui. Linapelekwa maabara." Nikarudi nyumbani mbio kwa umri huu wangu, nikamletea bonge kwenye mfuko. Akaniandika jina. Akasema majibu yatachukua muda, watu ni wengi.

Ni muda gani, hakusema. Mtoto naye ana muda wake.

Basi nikaanza kuuliza wenye macho ya zamani. Nilikwenda kwa Rukara, sasa analinda jengo linalojengwa. Nikamuuliza, mume wangu alikuwa anachimba ingwa wapi? Hakufikiri hata kidogo. "Juu, kwenye mikaratusi. Nilimwona kwa macho yangu. Chini asingechimba, yeye ndiye alikuwa anatukataza hata kunawa uso kule." Moyo ukanishuka mahali pake. Nikamshukuru, nikafika barabarani, akaniita. "Ila mke wa rafiki, ile ya kupakia nyumba alichota chini. Ni laini zaidi, inashika ukuta." Nikamuuliza ipi ni ipi. Akajikuna. Akasema, "Ingwa ni ingwa, mama."

Nyumba. Nilikuwa nimesahau. Ulipaka mbele yote nyeupe kwa ajili ya harusi ya Aline, mpaka mama yako akasema tumegeuka zahanati. Na ule uliobaki wa kupakia, Baba Aline, uliuweka wapi? Kwa sababu gunia darini ni moja.

Nikamuuliza mama yako. Nilimchagulia asubuhi, ndiyo saa yake nzuri. Akasema, "Alinichotea chini kwenye maji meupe, nilipokuwa na mimba yake." Nikamwambia, mama, mimba yake yeye angekuchoteaje, alikuwa tumboni. Akafikiri. Akasema basi ni baba yake. Halafu akasema, "Si umuulize mwenyewe, ametoka hapa sasa hivi."

Ndipo nilipopata wazo la kukuandikia.

Lakini kabla ya barua kulikuwa na Aline. Sikujua nimwambie au nisimwambie. Wewe unamjua. Ule wa kwanza ulipotoka alijihesabia makosa yote ya dunia, kwamba alibeba ndoo, kwamba alilala kifudifudi, kwamba alimjibu mama mkwe wake vibaya. Nikasema nikimwambia, ataona na hili ni kosa lake. Nisipomwambia, anakula. Nikaona niende Kanombe niyachukue yaliyobaki kwa ujanja.

Nikafika, akanikuta naangalia chini ya kitanda. Nilimwambia nataka yale mabonge kidogo, kuna jirani ana hamu. Akayakumbatia na tumbo lake lile, anacheka. "Jirani gani, taja jina. Mama, unataka kuninyang'anya baba?" Halafu akauma kipande mbele yangu, kunichokoza, vile alivyokuwa akifanya na sukari akiwa mdogo. Kikalia kru kati ya meno.

Sikuweza. Nikampiga mkono. Mtoto wangu mwenye tumbo, nikampiga mkono kikaanguka. Nikamwambia yote palepale, bila mpangilio, maji meupe, binti wa buti, Rukara, nyumba ya harusi. Eriki alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwambia akae.

Aline hakulia. Afadhali angelia. Akakiokota kile kipande, akakiangalia, akasema, "Baba alikuwa anajua?"

Nikasema sijui.

"Alifanya kazi pale miaka yote. Alikuwa anajua au hakuwa anajua?"

Nikasema mwanangu, sijui. Akasema, "Basi wewe unajua nini?" Hajawahi kunijibu hivyo. Sikukasirika. Nilikuwa namuuliza Mungu hilohilo.

Tulikwenda kituo cha afya siku ileile, Eriki akaomba ruhusa kazini. Muuguzi akampima, akasema mtoto anacheza, moyo unapiga vizuri. Akanisikilizisha na mimi. Ni kama farasi anakimbia mbali. Kuhusu udongo akasema aache wote, wa juu na wa chini na wa sokoni, na kipimo cha damu cha kuona kama sumu imeingia hawana pale, akatuandikia kwenda hospitali kubwa. Damu imetoka. Majibu bado. Kila mahali naambiwa bado. Aline ameacha kula udongo, anatafuna barafu, na nikimpigia simu ananijibu, "Nipo, mama," basi. Jina lako halitaji.

Nataka nikuambie ninachowaza, usikasirike. Nawaza pande mbili na zote zina akili.

Upande mmoja naikumbuka siku ya jerikani. Nilikuwa mgeni pale, na mimba ya Aline changa, nikaona bwawa lile safi nikasema Mungu ni mwema, maji mlangoni. Nikajaza. Ulitoka shimoni mweusi macho tu yanaonekana, ukaliona jerikani, ukalipiga teke likamwagika lote. Nilinuna mpaka jioni. Ulisema tu, "Yale si maji ya nyumbani." Hukueleza, na mimi sikuuliza, nilidhani ni mambo ya wanaume wa mgodini, ushirikina wao. Na mbuzi ulikuwa ukiwafunga wasiteremke kule. Na ulipokuwa ukiniletea ingwa kwenye jani, ukinichomea, ukiniambia, "Kula kilima chako, mama," nilikula mimba ya Aline, nikala ya Patriki, nikala ya Diyana, na watazame, wamekuwa. Diyana ananiziba mwanga. Mtu wa namna hiyo hawezi kumchimbia mwanawe chini. Hawezi.

Upande wa pili nasema, maji ulijua. Udongo je? Labda ulijua maji kwa sababu uliona hayana chura. Udongo haukuonyeshi kitu. Udongo ni mweupe tu, unanukia mvua. Na ile siku hukuwa sawa, ulitoka hospitali hujala, kifua kinakukereketa, na mikaratusi iko mbali kupanda. Lundo liko karibu. Mtu akiwa na huzuni miguu yake inashuka.

Nimewaza hivyo mpaka nikashindwa, nikachukua fimbo nikaenda mwenyewe kuangalia.

Sijapanda kule tangu geti lilipofungwa. Geti lenyewe halipo, wameondoka nalo. Lundo limekuwa kubwa au mimi nimekuwa mdogo. Nyasi zimekataa. Pembeni zinakuja mpaka mahali fulani kisha zinaacha, kama watu waliofika mlangoni wakaona viatu vya mgeni. Mfereji wa chungwa unashuka unaingia kwenye bonde la mboga, na mboga zipo, dodo nzuri, mchicha ule, na mtu alikuwa anapalilia. Nikamwambia dada, hukusikia ya umuganda? Akasema amesikia. Akaendelea kupalilia. Nikamwelewa pia. Hilo ndilo linanisumbua, kila mtu ninamwelewa.

Bwawa lipo. Ni zuri, Baba Aline. Nilijiona mle ndani na mbingu nyuma yangu, hakuna hata jani lililooza chini. Kandokando kuna mahali palipochimbwa, peupe, laini kama unga. Alama za jembe zipo, lakini za nani, watu wengi wamechota pale.

Nikapanda mikaratusi. Nilipumzika njiani, nikapumzika tena. Juu pia pamechimbwa. Kuna shimo kama kikapu, safi, la mtu anayejua kukata udongo bila kuupondaponda, nikasema huyu ni yeye. Nikaliinamia nikalisemesha, kama kuna mtu aliniona atakuwa ameamua nipelekwe Ndera kwa wagonjwa wa akili. Halafu nikaona shimo lingine la namna ileile. Na lingine.

Nikafanya kitu ambacho usingenikubalia. Nikaonja. Nilisema mimi nimekula udongo wako mimba zangu zote, ulimi unajua zaidi ya maabara. Nikauma kidogo wa juu: mvua, mvua ya kwanza kabisa ikigusa vumbi, mate yakanijaa mdomoni kama msichana. Nikashuka nikauma kidogo wa chini: mvua ileile, kisha nyuma yake kitu kama nimelamba ufunguo. Nikautema, nikasukutua na maji yangu ya chupa. Nikasema sasa najua. Nikafurahi, nikateremka karibu nianguke.

Nyumbani nikafungua gunia. Nikaonja bonge la kwanza. Mvua. Nikaita jina la Mungu. Nikaonja la pili, mvua. La tatu, ufunguo.

Nikakaa chini pale na gunia kati ya miguu. Mama yako akaniuliza unakula nini peke yako. Nikaonja mengine mpaka ulimi ukafa, nikawa sijui tena lipi ni lipi, yote yakawa na ladha ya hofu yangu. Kwa hiyo sijui. Labda ulichimba juu kwa mtoto, na baadaye ukamimina humohumo masalia ya rangi ya nyumba, kwa sababu gunia lilikuwa moja na wewe hukuwa mtu wa kutupa kitu. Labda ulichanganya siku ile ile, mikono ikafanya kazi kichwa kikiwa kwa Aline. Labda ni ulimi wa mwanamke mzee tu. Nilichomchagulia Aline kilikuwa mabonge mazuri, meupe sana. Na meupe sana ndiyo ya wapi?

Gunia nimelifunga kwa plastiki nimelitundika bandani, mbuzi asilifikie. Patriki alitaka kulitupa. Nilimwambia ukiligusa tutagombana. Mtu hatupi kitu cha mwisho cha baba yake. Lakini ndani pia sikulirudisha. Liko pale nje linaning'inia, si la nyumbani wala si la jalalani, kama mimi tu.

Jana Aline alikuja. Sikumtegemea. Alishuka kwenye moto ya Patriki polepole, akapita kwa mama yako akamwamkia, akaja bandani nilipokuwa nafua. Akalitazama gunia muda mrefu. Akasema, "Ni hilo?" Nikasema ndilo. Akaligusa kwa nje, kwenye plastiki, kwa kiganja, vile wanavyomgusa yeye tumbo. Akasema, "Mama, nikimchukia nashindwa. Nikimsamehe, sijui namsamehe nini." Nikamwambia na mimi niko hapohapo mwanangu, sogea tukae wote. Tukakaa kwenye beseni lililogeuzwa. Mama yako akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba baba yenu amekuja na hakuna aliyemwekea uji. Aline akacheka. Kidogo, puani. Ndipo mtoto akapiga teke, akanishika mkono akauweka pale. Teke la nguvu. Nikafikiri la jerikani.

Basi, Baba Aline, karatasi inaisha na Diyana anataka meza. Naomba unisikilize kwa haya ya mwisho.

Nakuahidi maji ya kule hayataingia nyumba hii, na yule dada wa dodo nitarudi kumsemesha, mara ya pili au ya kumi, mpaka anichoke. Nakuahidi ile mbele nyeupe ya nyumba nitaikwangua na kitambaa cha maji mdomoni kama binti alivyoelekeza, nipake rangi ya dukani, japokuwa itaniuma. Na mtoto akija salama, na atakuja, nitamwambia babu yako alikuchimbia chakula kabla hujaumbwa. Hilo ni kweli popote ulipochimba. Hilo nimeamua, hata majibu yakija vibaya. La kujua au kutojua nitaliacha kwako mpaka useme mwenyewe.

Lala salama, mume wangu. Kifua kisikusumbue huko.

Na unijibu upesi, nakuomba, Aline anakaribia sana. Usiache ujumbe kwa mama yako, anasahau, ataniambia umeomba sukari. Njoo kwangu. Huna haja hata ya kusema, ulikuwa si msemaji. Njoo asubuhi kama unavyokwenda kwake, simama bandani karibu na gunia, nyoosha mkono tu. Juu au chini. Nitaona.

Uji nitauweka mezani.

Ni mimi,
Mama Aline